Sabuni Iogopayo Dhahabu

Katika masoko ya Kahama, Katoro na Geita mjini, meza ya sabuni ina ngazi zake. Chini hupangwa miche ya sabuni ya kufulia, ya bluu au ya kahawia, inayokatwa na kuuzwa kipande kwa kipande. Katikati hukaa sabuni za kuogea za viwandani, ambazo kila kaya inazifahamu kwa jina. Juu, ndani ya vikasha vinavyometameta, huwekwa zile ziitwazo sabuni za ng'ambo: majina ya Kiitaliano au Kifaransa, manukato yanayosikika hata kabla kikasha hakijafunguliwa, na mara nyingine ahadi ya ngozi nyororo, ang'avu na nyeupe.

Mnunuzi akiulizwa ni ipi iliyo bora, atanyoosha kidole juu. Ni jibu linaloeleweka, kwa kuwa bei na umbali vimezoeleka kuwa vipimo vya ubora. Hata hivyo, kwa mhudumu wa afya anayepokea wagonjwa katika ukanda wa dhahabu, swali hilo si la urembo peke yake. Miongoni mwa sabuni zinazouzwa kwa majina ya kifahari zimewahi kuwamo, na bado hupenyezwa, sabuni zenye zebaki, madini yaleyale ambayo mchimbaji mdogo huyatumia kukamatia dhahabu. Mtu anayefahamu namna sabuni njema inavyotengenezwa, iwe Italia au Shinyanga, hadanganywi kwa urahisi na kikasha.

Mafuta, magadi na muda

Kwa kemia yake, sabuni ni aina ya chumvi. Mafuta ya mmea au ya mnyama yakikutana na magadi makali yaliyoyeyushwa katika maji, huvunjika na kuungana upya. Hapo huzaliwa vitu viwili: sabuni yenyewe, na gliserini, ambayo ni laini na huivutia ngozi unyevu. Kila chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja hupenda maji na nyingine hupenda mafuta. Ncha ya pili hushika uchafu wenye mafuta pamoja na vijidudu vilivyonasa ndani yake, na ya kwanza huvikokota vyote viondoke na maji. Virusi vingi, vikiwemo vya korona, vimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni ya kawaida huupasua utando huo.

Neno lenyewe limesafiri mbali. Waswahili walilipokea sabuni kutoka Kiarabu, na wanaisimu hulioanisha na neno la Kilatini lililozaa pia jina la sabuni katika Kiitaliano na Kifaransa. Ufundi nao ulisafiri. Kando ya bahari ya Mediterania, kuanzia Aleppo nchini Syria hadi Venice na Savona nchini Italia, mafundi walitumia walichokuwa nacho kwa wingi: mafuta ya zeituni, pamoja na magadi yaliyotokana na majivu ya mimea ya pwani. Sabuni yao ilikuwa ngumu, nyeupe, isiyonuka shahamu, na ilipendwa kuliko sabuni laini za kaskazini mwa Ulaya.

Heshima ya sabuni hizo haikutokana na manukato. Ilitokana na malighafi moja safi, vipimo visivyobadilika na muda wa kungoja. Jirani zao Wafaransa waliliandika jambo hilo katika sheria: amri iliyotolewa mwaka 1688 chini ya Mfalme Louis wa 14 iliwataka watengenezaji wa Marseille watumie mafuta ya zeituni peke yake, na iliwazuia kupika sabuni katika miezi ya joto kali, kwa kuwa joto liliharibu ubora. Kwa lugha ya leo, hicho kilikuwa kiwango cha ubora kilicholindwa na dola.

Mji wa Florence unatoa mfano ulio karibu zaidi na taaluma ya afya. Watawa wa Kidominiko waliofika huko mwaka 1221 walilima mitishamba kwa ajili ya dawa za chumba chao cha wagonjwa. Duka lao la dawa, Santa Maria Novella, lilifunguliwa kwa umma mwaka 1612, na jina hilo hadi leo linauza sabuni na manukato kwa wanunuzi wenye uwezo. Kwa hiyo moja ya sabuni zinazohesabiwa kuwa za anasa kabisa duniani ina asili yake katika nyumba ya wagonjwa. Katika sabuni za namna hiyo, sabuni iliyokwisha kuiva huchanganywa na manukato, husagwa katikati ya mitambo ya mviringo mara kadhaa, hukandamizwa katika umbo lake, kisha huachwa ikauke kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana huwa nzito, haiyeyuki upesi bafuni, na povu lake ni laini.

Mnunuzi wa sabuni hiyo analipia ulaini, harufu, umbo na historia. Hayo ni mambo halali. Lakini nguvu ya kuondoa vijidudu mkononi hainunuliwi humo, kwa kuwa sabuni ya mche nayo inayo.

Ufundi ulioko Usukumani

Shinyanga ni nchi ya pamba. Mbegu inayotenganishwa na nyuzi hukamuliwa, mafuta yakaenda jikoni na mashudu yakaenda kwa ng'ombe. Kutoka Kigoma huja mawese, na pia mafuta ya mise yanayokamuliwa kutoka kokwa ya mchikichi. Mafuta ya aina hizi ndiyo yanayoweza kugeuzwa sabuni na vikundi vya wajasiriamali, wengi wao wakiwa akina mama, kwa maarifa yanayofundishwa na taasisi kama SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Kile fundi wa Italia alichokifanya kwa zeituni, fundi wa Kahama anaweza kukifanya kwa mbegu ya pamba na chikichi, kwa sharti la kuziheshimu kanuni zilezile.

Kanuni ya kwanza ni mizani. Kila aina ya mafuta huhitaji kiasi chake cha magadi makali, ambayo mafundi huyaita kostiki soda. Kilo moja ya mawese huhitaji takriban gramu 140 ili igeuke sabuni yote, na mafuta ya pamba hayapishani sana na kiasi hicho. Mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 180, na ya mise hukaribia hapo. Anayebadilisha mafuta bila kubadilisha kipimo, au anayepima kwa kikombe badala ya mizani, hutoa moja kati ya sabuni mbili mbovu: ile yenye mafuta mengi inayoteleza na kuchacha, au ile yenye kostiki iliyobaki, inayounguza ngozi. Fundi makini hupunguza kostiki kidogo, yapata sehemu tano kwa mia, ili mafuta machache yabaki bila kugeuzwa na ngozi isikauke.

Kanuni ya pili ni subira. Sabuni iliyotengenezwa bila kuchemshwa huhitaji kuachwa kati ya wiki nne na sita, katika rafu yenye hewa, ili maji yapungue nayo iwe ngumu na pole. Karatasi za kupimia uasidi, ambazo si ghali, huonyesha kama imeiva. Sabuni ya kawaida husoma kati ya 9 na 10. Inayozidi 11 haifai kugusa mwili. Kuionja kwa ulimi, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, si kipimo cha kuigwa.

Kanuni ya tatu ni usalama, na hapa ndipo mtengenezaji na mhudumu wa afya wanapokutana. Kostiki humwagwa ndani ya maji polepole. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwa sababu mchanganyiko hupata joto la ghafla na kuruka usoni. Sufuria nyingi za majumbani ni za alumini, nayo alumini huliwa na kostiki na kutoa gesi inayoshika moto. Chombo kinachofaa ni cha plastiki ngumu au cha chuma kisichoshika kutu. Miwani ya kukinga macho na glavu ndefu ni vifaa vya kazi kama ilivyo mizani.

Hatari kubwa kuliko zote imo katika chupa. Maji ya kostiki hayana rangi, na yakihifadhiwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, mtoto mwenye kiu hayatofautishi. Funda moja huunguza mdomo na umio. Anayepona jeraha la kwanza anaweza kurudi wiki chache baadaye akiwa hawezi kumeza chakula, kwa kuwa kovu limelibana umio, na matibabu yake huchukua miezi au miaka. Mtoto aliyekunywa kostiki asitapishwe, kwa sababu kitakachopanda kitaunguza mara ya pili. Asipewe siki wala ndimu kwa nia ya kuizimua. Mdomo usuuzwe kwa maji, mabaki yaliyo usoni na kwenye nguo yaondolewe, na mtoto awahishwe hospitali pamoja na chombo alichonywea. Ngozi iliyomwagikiwa ioshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, na jicho kwa dakika 30, kabla ya safari ya kwenda kituoni. Safari ndiyo isubiri, si maji.

Mkono ulio safi

Kabla ya kufika kwenye zebaki, yafaa lisemwe wazi jambo ambalo wagonjwa huliuliza mara kwa mara: je, sabuni ya bei kubwa huua vijidudu zaidi? Jibu ni hapana. Mapitio ya tafiti nyingi yameonyesha kwamba kuhamasisha unawaji wa mikono kwa sabuni hupunguza matukio ya kuhara kwa takriban theluthi moja, na faida hiyo haikutegemea sabuni kuwa ya anasa. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliondoa sokoni sabuni za matumizi ya nyumbani zenye viambato 19 vya kuua bakteria, kikiwemo triklosani, baada ya watengenezaji kushindwa kuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku na kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji.

Kinachotofautisha mkono safi na mchafu ni muda na nyakati. Mikono isuguliwe kwa sekunde 20 walau, pande zote, katikati ya vidole na chini ya kucha. Kwa mhudumu wa afya zoezi zima huchukua kati ya sekunde 40 na 60. Inanawiwa baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kunyonyesha. Kipande cha mche kilichofungwa kwa kamba kando ya kibuyu chirizi, nje ya choo cha kambi ya wachimbaji, hulinda watu wengi kuliko sabuni ya manukato iliyofungiwa kabatini kwa ajili ya wageni.

Zebaki ndani ya povu

Zebaki iliingia katika sabuni kwa milango miwili. Kwanza ilisifiwa kuwa huua vijidudu. Pili, huizuia ngozi kutengeneza melanini, rangi yake ya asili inayoikinga dhidi ya jua. Hivyo mtumiaji huonekana kung'aa kwa muda. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba sabuni za kung'arisha ngozi huwa na takriban asilimia 1 hadi 3 ya iodidi ya zebaki, na krimu huweza kuwa na kiasi kikubwa zaidi cha chumvi nyingine za zebaki. Zebaki hiyo hupenya ngozini, huingia katika damu na kukusanyika kwenye figo.

Historia ya biashara hiyo haiipi Ulaya sifa njema. Tangu mwaka 1976 sheria ya vipodozi ya Jumuiya ya Ulaya iliiweka zebaki katika orodha ya vitu visivyoruhusiwa, ukiacha vihifadhi vichache vya vipodozi vya macho. Wananchi wa nchi hizo walilindwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi baada ya hapo, sabuni za zebaki ziliendelea kutengenezwa Ulaya kwa ajili ya masoko ya Afrika. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu biashara ya kemikali hatari ilizitaja waziwazi sabuni za urembo zenye zebaki miongoni mwa bidhaa zisizoruhusiwa kupelekwa nje. Maneno "imetengenezwa Ulaya", ambayo mnunuzi wa Geita huyaona kuwa dhamana, kwa kipindi kirefu hayakuwa dhamana yoyote kwa ngozi ya Mwafrika.

Madhara yalikuwa yamekwisha kuonekana. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliripoti katika jarida la kitabibu la Uingereza kuhusu watu wazima 60 waliougua figo zinazovujisha protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi yao walipata nafuu, na sehemu muhimu ya matibabu ilikuwa kuiacha krimu.

Kisha ikaja zamu ya Kanda ya Ziwa. Kati ya mwaka 1996 na 1998, timu ya watafiti iliyomjumuisha daktari Masazumi Harada, Mjapani aliyetumia maisha yake kuchunguza sumu ya zebaki katika mji wa Minamata, ilikusanya nywele za zaidi ya watu mia mbili kandokando ya Ziwa Victoria: wachimbaji wa dhahabu, wavuvi na familia zao, na wakazi wa jiji la Mwanza. Matarajio yalikuwa kwamba zebaki nyingi ingepatikana kwa wachimbaji, na kweli baadhi yao walikuwa nayo. Lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha pia viwango vya juu kwa watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na mgodi. Kilichowaunganisha ni sabuni ya kuogea yenye zebaki, waliyoitumia kila siku.

Mizigo miwili katika mwili mmoja

Katika mialo ya Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, na katika machimbo madogo ya Kahama, mchanga uliosagwa na makarasha huoshwa, kisha zebaki hutiwa ili ishikamane na chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa. Zebaki hupaa kama mvuke usioonekana wala kunuka, na sehemu ya dhahabu hubaki. Anayeuvuta mvuke huo huingiza mwilini karibu asilimia 80 ya zebaki iliyomo ndani yake. Uchunguzi wa afya uliofanyika Rwamgasa mwaka 2003, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, uliwakuta takriban robo ya wachomaji wakiwa na sumu ya zebaki kwa vigezo vya kitabibu.

Uchomaji huo mara nyingi hufanyika karibu na makazi, wakati mwingine jikoni. Sasa na afikiriwe mama anayeishi katika nyumba ya namna hiyo, ambaye pia anaoga kwa sabuni ya kung'arisha au anatumia mkorogo. Zebaki humfikia kwa pumzi na kwa ngozi, na figo zake hazitofautishi njia. Akiwa mjamzito, zebaki huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Hata asiyeitumia sabuni hana kinga kamili: uchunguzi uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2012 uliikuta zebaki katika mkojo wa watoto na ndugu ambao hawakuwahi kujipaka krimu iliyotumiwa nyumbani mwao. Taulo, mito na mikono ya mama vilitosha kuisambaza.

Sheria ipo upande wa mgonjwa. Tanzania ilizuia vipodozi vyenye zebaki chini ya sheria ya mwaka 2003 ya chakula, dawa na vipodozi, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, uliweka kikomo cha sehemu moja ya zebaki katika sehemu milioni moja ya kipodozi. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata nafasi hiyo ndogo. Kasoro ni kwamba sabuni hupita njia za panya, na muuzaji wa rejareja mara nyingi hajui anachokiuza.

Kusoma kikasha

Sabuni ya zebaki haitambuliki kwa rangi wala kwa harufu. Hata hivyo, kikasha chake wakati mwingine hujisema. Yatafutwe maneno "mercury", "mercuric", "calomel", "ammoniated mercury", alama "Hg", au kwa Kiitaliano "mercurio". Kikasha kisicho na orodha ya viambato, kisicho na jina na anwani ya mtengenezaji, au kisicho na alama ya TBS, kinatosha kutiliwa shaka.

Iko dalili nyingine, na ukanda huu unaweza kuielewa kuliko mahali pengine popote. Shirika la Afya Duniani linatahadharisha kwamba maelekezo yanayomtaka mtumiaji aiepushe bidhaa na dhahabu, fedha, alumini, mpira au vito yanaweza kuashiria kwamba ndani yake mna zebaki. Mke wa mchimbaji anayesoma kwamba avue pete kabla ya kuoga hana haja ya maabara ili aelewe. Amekwisha kuona mwaloni namna zebaki inavyoikumbatia dhahabu. Sabuni iogopayo dhahabu ni sabuni ya kuogopwa.

Chumba cha daktari

Katika zahanati na vituo vya afya, sumu ya zebaki hujificha nyuma ya magonjwa yaliyozoeleka. Mgonjwa huja na mikono inayotetemeka, usingizi uliopotea, hasira zisizo na sababu, usahaulifu, ganzi, ladha ya chuma mdomoni au fizi zinazouma. Mwingine huja akiwa amevimba macho asubuhi na miguu jioni, huku mkojo wake ukitoa povu. Mtoto mchanga anaweza kuwa na viganja na nyayo nyekundu zinazochubuka, akalia bila kunyamaza. Kila moja ya dalili hizi ina sababu nyingine nyingi. Ndiyo maana swali la sabuni lisipoulizwa, jibu halipatikani.

Maswali matatu yanatosha kuanzia. Je, katika nyumba yenu kuna anayechoma dhahabu, na anaichomea wapi? Mama, unatumia sabuni, krimu au losheni gani mwilini, na naomba uje nayo. Nani mwingine nyumbani anaitumia? Yaulizwe kwa faragha na bila kejeli. Kwa mwanamke aliyeambiwa tangu utotoni kwamba weupe ni uzuri, au anayeamini kuwa wateja wa dukani humpenda zaidi aking'aa, neno la aibu humfunga mdomo tu, naye ataendelea na sabuni yake huku figo zikiumia kimya.

Kipimo cha mkojo kwa kijiti, kinachopatikana katika vituo vingi, huonyesha kama protini inavuja. Anayeonekana kuwa na protini nyingi, uvimbe au mtetemeko, pamoja na historia ya zebaki, apewe rufaa mapema kwenda hospitali ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza. Dawa za kuondoa zebaki mwilini zina madhara yake na hutolewa na wataalamu pekee. Hatua ya kwanza haihitaji dawa: sabuni iachwe siku hiyohiyo, na uchomaji uondolewe nyumbani. Mgonjwa aelezwe pia kwamba rangi ya asili ya ngozi yake itaanza kurudi, ili asiogope na kuirudia sabuni.

Sabuni inayoshukiwa isitupwe chooni wala kuchomwa moto, kwani moto huigeuza zebaki kuwa mvuke ambao ni hatari zaidi. Ifungwe katika mfuko wa plastiki usiovuja, iwekwe mbali na watoto, na ikabidhiwe kwa afisa afya, TBS au ofisi ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali iliyoko Mwanza. Taulo na mashuka yaliyotumika pamoja nayo ni bora yatolewe pia nyumbani, yakiwa yamefungwa vivyo hivyo.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Fundi wa kale wa Savona hakumwahidi mtu ngozi nyingine; alimuuzia sabuni iliyopikwa kwa mafuta yanayojulikana na kukaushwa hadi ikaiva. Kipande cha namna hiyo kinaweza kupatikana leo kwa kikundi cha akina mama wa Shinyanga wanaopima kwa mizani, wanaofunga kostiki kabatini na walioipeleka sabuni yao TBS ikakaguliwe. Hakitamfanya mtu awe mweupe. Kitamwosha, na kitamwacha na figo zake.